Mtaro Ulipopita Lindi

Lindi, Kibera
Jumapili, 19 Februari 2023

Mwalimu Wangoi,

Mirembe. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu wiki jana nilikupigia simu mara tatu, na mara zote ukanijibu "Nani? Nani?" mpaka nikakata. Masikio yamekuwa mabaya hivyo? Annet, yule mama wa mboga ninayesali naye, hununua sukuma soko la Kawangware kila Jumanne na Ijumaa. Amekubali kuwa posta yetu. Ukimpa jibu atalichomeka kwenye gunia la sukuma na litanifikia.

Sisi tuko. Bridgit amemaliza kidato cha nne. Matokeo ni ya kusukuma tu, lakini amemaliza, na bado anasema wewe ndiye uliyemfundisha kusoma bila kutumia kidole. Mimi na cherehani yangu tuko mlango ule ule niliohamia nilipoacha kupanga chumba kwenye ploti yako, nikifuata kazi ya yunifomu.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Kuna shirika limekuja hapa Lindi, linaitwa Mtaa Kwanza. Unajua mimi na mashirika. Wameshatuletea vyandarua, semina, soda, na choo kimoja ambacho ufunguo wake hatujawahi kuuona. Lakini hawa walikuja mikono mitupu. Msichana wao, Wanja, alitukusanya kanisani akasema, "Hatujaleta mradi. Mradi mko nao nyinyi, kwa sababu mahali hapa mnapajua nyinyi." Akatandika karatasi kubwa ya manila chini, akatugawia kalamu, akakaa.

Mwalimu, tulichora siku mbili. Kila mlango, kila bomba, kila shimo. Mlango wangu ulipewa nambari 61. Halafu tukaulizwa tuanze na nini, na hata bila kugombana tukasema mtaro. Mvua ikinyesha, maji ya huko juu hupita kwenye nyumba zetu pamoja na ya vyoo, na tunalala tumeweka godoro juu ya meza. Wakanichagua niwe katibu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyepinga, mzee Sifuna, seremala jirani yangu. Alisimama akauliza, "Mtaro ukipita, mahali patakuwa pazuri. Pakiwa pazuri, mwenye nyumba atatuacha?" Wanja akasema hilo litajadiliwa awamu ya pili. Sifuna akasema, "Hawa wanatengeneza mahali. Sisi si mahali." Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Nimesikia Mtaa Kwanza walianzia kwenu Kawangware 46. Niambie ukweli. Iliendaje? Wewe una ploti na umeishi na wapangaji maisha yako yote, lazima umeona pande zote mbili.

Wako,
Musimbi


Kawangware 46
Ijumaa, 3 Machi 2023

Mama Bridgit mpendwa,

Barua yako ilifika ikinuka dania. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ingawa sauti yangu mwenyewe siisikii vizuri siku hizi. Annet namsikia. Huyo mama akisema "hodi" hata marehemu baba yangu anaitika kule makaburini Lang'ata.

Nampongeza Bridgit. Mwambie matokeo ni mlango, si nyumba.

Kuhusu swali lako. Ni kweli walikuja hapa mwaka wa 2020, na walifanya vile vile, manila na kalamu. Watu wa hapa walichagua mtaro, taa na kabro ya kutandika njia kutoka barabarani hadi kanisani. Vyote vipo. Ukija leo hutapatambua. Watoto wanaenda shule na soksi nyeupe na kurudi zikiwa nyeupe. Wanawake wanauza chapati chini ya taa bila wasiwasi. Sijakanyaga matope tangu mwaka juzi.

Kuhusu wapangaji, hapakuwa na shida. Mimi nilifurahi na wao walifurahi. Mukhwana anakusalimu, bado anatengeneza baiskeli pale pale mlangoni kwake. Mwambie huyo mzee Sifuna asiogope maendeleo.

Siku hizi mwanangu Jackie ndiye anayesimamia ploti. Nimechoka kupanda na kushuka, naye ana akili ya biashara kunishinda.

Niandikie tena. Hapa hakuna anayeongea nami zaidi ya dakika moja, wanachoka kurudia.

Wako katika Kristo,
Wangoi


Lindi
Jumapili, 27 Agosti 2023

Mwalimu,

Ungekuwa hapa jana ungecheka. Wanaume kwa wanawake tuko ndani ya shimo, mimi nimevaa gumbuti za Bridgit, na pasta naye yuko na koleo anachimba kama anayetafuta dhahabu. Kila nyumba inatoa mtu mmoja Jumamosi. Mtaa Kwanza wanaleta simiti na mawe, sisi tunaleta migongo. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana.

Tulikwama miezi miwili kwa sababu ya Sifuna. Fundi wa mtaro alisema mteremko unapita mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo kibanda chake cha useremala kilipo. Watu walimtukana. Kuna kijana aliandika "adui wa mtaa" kwenye mlango wake kwa makaa. Nikaona hii haifai, nikaenda kwenye mkutano na barua yako. Nikaisoma, ile sehemu ya soksi nyeupe, na ile ya wapangaji na Mukhwana. Sifuna akaniuliza, "Huyo mama ana ploti kweli?" Nikamwambia anayo, ya baba yake, nimeishi ndani yake miaka tisa na hajawahi kunidanganya.

Akaiomba barua, akautazama mwandiko. Halafu akasema, "Kama mwenye ploti mwenyewe ameandika hivyo kwa mkono wake, mimi ni nani."

Kesho yake alikitoa kibanda mwenyewe. Hakukubali mtu amsaidie. Alikuwa anachomoa misumari mmoja mmoja, anainyoosha juu ya jiwe, anaiweka kwenye mkebe. Sasa meza yake ya kazi iko ndani ya chumba anacholala, na akipiga randa ubao unatokeza mlangoni. Lakini Jumamosi yuko nasi shimoni, na ndiye anayepima kina. Hatuamini mtu mwingine.

Kwa hivyo huu mtaro ni wako pia. Nilitaka ujue.

Musimbi


Kawangware 46
Jumanne, 5 Septemba 2023

Mama Bridgit,

Sikujua barua yangu ingesomwa mbele ya watu. Barua ni ya mtu mmoja. Ningejua ningeiandika vingine.

Sikiliza. Mwambie Sifuna amwombe mwenye nyumba karatasi yenye sahihi, isemwe kwamba hatatolewa na kodi haitapandishwa kwa miaka kadhaa. Wewe pia, na wote watakaopakana na mtaro. Chifu ashuhudie. Fanyeni hivyo kabla mtaro haujaisha. Kabla, si baada. Sasa hivi mwenye nyumba anawahitaji mchimbe. Mkishamaliza hatawahitaji.

Usiniulize kwa nini. Ni ualimu tu, mwalimu hupenda kila kitu kiwe kwenye karatasi.

Wangoi


Lindi
Jumapili, 12 Mei 2024

Mwalimu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa mgonjwa, na baadaye nikawa shimoni, na baadaye ikaja mvua.

Mvua hiyo umeiona mwenyewe. Mto ulibeba nyumba za watu huko chini, na Kambi Muru watu walilala kanisani wiki mbili. Hapa kwetu, Mwalimu, hakuna hata tone lililoingia mlangoni. Usiku wa kwanza nilipandisha godoro mezani kama kawaida. Asubuhi nikakuta sakafu kavu, nikafikiri labda haikunyesha. Nikatoka. Watu wote walikuwa nje wamesimama kwenye mvua, wamejifunika mifuko ya unga, wanaangalia maji yakipita ndani ya mtaro. Mama mmoja alikuwa analia. Sifuna alikuwa amechuchumaa ukingoni, anatazama ule mkunjo ulio mahali kibanda chake kilipokuwa, akaniambia, "Umeona vile yanapinda? Hayamwagiki."

Sidhani nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Lile neno lako la karatasi sikulisahau. Nilimweleza Wanja, akasema ni la awamu ya pili. Nikampigia Kavoi, mwenye nyumba wetu, akacheka: "Mama Bridgit, kwani tumegombana?" Nikaona haya, nikaacha. Ulikuwa unajisumbua bure, lakini asante kwa kutufikiria.

Kavoi mwenyewe alikuja Alhamisi. Kwa miaka yote hii nimemwona mara mbili, huwa anamtuma keateka wake kuchukua kodi. Alitembea kando ya mtaro kutoka juu hadi chini, viatu vyake havikupata hata doa. Akarudi juu akihesabu hatua. Akatusalimu kila mtu kwa mkono. "Mmetengeneza," akasema. "Mmetengeneza kabisa."

Musimbi


Lindi
Jumapili, 3 Novemba 2024

Mwalimu,

Nitasema haraka kwa sababu nikitulia sitaandika.

Kavoi ametupa notisi milango yote minane inayotazama mtaro. Anajenga ghorofa ya mabati, chini maduka, juu vyumba vya watu wanaofanya kazi mjini. Anasema tukitaka kurudi tutarudi, kwa kodi mpya. Kodi mpya hata nikishona na kulala juu ya cherehani siiwezi.

Sifuna ameshatoka. Alikuwa wa kwanza kwa sababu mahali pake ndipo pazuri zaidi, penye kona. Hana shamba nyumbani, aliliuza mke wake alipougua. Ameenda Kimilili kwa mdogo wake, atakaa huko kama mgeni. Randa, msumeno, patasi, vyote aliwauzia mafundi wa soko la Toi kwa asubuhi moja. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilitaka kumwambia kitu. Yeye ndiye aliyesema: "Musimbi, usijibebeshe. Hata mimi nilitaka kuamini."

Tulienda kwa chifu. Akasema mwenye nyumba ana haki na nyumba yake. Tulienda ofisi za Mtaa Kwanza. Wanja mkataba wake uliisha Juni, yuko Kisumu. Aliyekalia kiti chake ni mpole sana, alitupa chai. Akasema mpango ulikuwa wa mahali, na kwa upande wa mahali umefaulu kuliko yote waliyowahi kufanya. Ya mpangaji na mwenye nyumba hayakuwa ndani. Nikamuuliza awamu ya pili iko lini. Akasema awamu ya pili ni mtaa wa Mathare.

Ile ramani yetu wameiweka ukutani, kwenye fremu yenye kioo. Nikaiangalia. Nambari 61 iko pale na wino wangu.

Mwalimu, nina mwezi mmoja. Sijawahi kukuomba kitu. Una vyumba kumi na viwili. Nipe kimoja mimi na Bridgit, hata kile cha nyuma karibu na choo ambacho hakuna aliyekipenda. Nitalipa kama wengine. Nikiwa hapo tutaongea kwa mdomo, nitapiga kelele mpaka unisikie.

Musimbi


Lindi
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mwalimu,

Annet anasema barua alikupa mkononi. Anasema uliisoma mbele yake, ukaikunja, ukaingia ndani ukafunga mlango, na Ijumaa ya pili ulimwambia huna jibu.

Kama hakuna chumba sema hakuna. Sitakasirika. Tafadhali.

Musimbi


46
2 Desemba 2024

Sasa Auntie Musimbi,

Ni Jackie. Mathe hajui nakuandikia. Nimeona barua zako kwa Biblia yake. Amekaa nazo wiki kadhaa, analia na hataki kusema, so wacha niseme mimi.

Auntie, hakuna vyumba. Ile ploti unayoijua haiko. Tuliibomoa 2022, tukajenga flati, ghorofa nne, bedsita tupu, chumba kimoja kimoja na choo ndani. Taa zilipokuja na kabro, watu wa ofisi walianza kuulizia keja za kupanga huku 46. Ningefanya nini? Kila ploti ya hii laini ilikuwa inapanda juu, sisi tu ndio tulikuwa na mabati. Nilichukua loni ya benki na title ya guka, babake mathe, na hiyo loni bado inanikaba, usifikiri nakula raha.

Wapangaji wote wa zamani walitoka. Kina Mukhwana, yule wa baiskeli, wale Wakamba wawili, wote. Niliwapa notisi ya miezi mitatu, wengine hapa walipewa wiki. Mukhwana alikuja kumwona mathe asubuhi ya kuhama. Alikuwa kwa ile kamati ya mtaro, alikuwa amechimba kutoka siku ya kwanza. Mathe hakutoka kwa nyumba. Alijifanya hasikii hodi. Hapo ndipo hayo masikio yalianza, ukiniuliza mimi.

Sikuandikii ukasirike na yeye. Nakuandikia usiache kutafuta kwingine ukingoja hapa.

Pole sana Auntie. Na pole kwa Bridgit.

Jackie


Lindi
Jumapili, 8 Desemba 2024

Mwalimu,

Jackie ameniandikia. Usimgombeze.

Nina swali moja. Zile salamu za Mukhwana ulizitoa wapi?

Kwa sababu nilizisoma kanisani. Nilisimama mbele ya watu sabini, nikasema Mukhwana bado anatengeneza baiskeli mlangoni kwake. Mwanamume wa watu akabomoa kibanda chake kwa sababu ya baiskeli ambazo hazikuwepo.

Ungeandika "sijui." Ungeandika "mkatae." Ungeninyima jibu, kama ulivyoninyima safari hii. Unaona unaweza.

Kesho tunatoa vitu.

Musimbi


Kawangware 46
Ijumaa, 17 Januari 2025

Mama Bridgit,

Sijui hii itakufikia wapi. Annet amesema atauliza mpaka akupate.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Kila mara najikuta nimeanza kujitetea, kama wanafunzi waliokuwa hawajafanya kazi ya nyumbani, na unajua nilivyowachukia. Basi nitasema bila kujitetea.

Ulipouliza iliendaje, Mukhwana alikuwa ameshaondoka miezi kumi. Nilijua yote. Nilikaa na kalamu nikaona nikikwambia ukweli utajua mimi ni nani. Wewe ndiye mpangaji pekee aliyekuja kukaa nami nilipofiwa, ukapika kwenye jiko langu siku tisa. Sikutaka mtu huyo anijue hivyo. Nikaandika Mukhwana anakusalimu, kwa sababu nilitamani awe anakusalimu. Ilikuwa rahisi sana.

Halafu ukaniambia umeisoma mbele ya watu. Hapo ndipo nilipoandika ile ya karatasi na sahihi. Ningeweza kukuandikia ukweli siku hiyo hiyo, na Sifuna angepigana na Kavoi akijua anapigania nini. Sikuandika. Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza, na nataka ujue kwamba nalijua.

Jackie hakunilazimisha kubomoa. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Nilisimama barabarani nikaona mahali pa baba yangu pamekuwa pazuri hatimaye, nikataka kuwa mzuri pamoja napo. Sikufikiria zaidi ya hapo. Watu waliochimba walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara na vitanda vyao, wakisubiri mkokoteni, na mimi nilikuwa naangalia taa.

Ninaishi kwenye bedsita ya chini, ya nyuma. Majirani wangu sijui majina yao.

Kuna stoo chini ya ngazi. Haina dirisha. Inaingia kitanda kimoja na cherehani. Nimemwambia Jackie ni yako bila kodi mradi niko hai, naye amekubali. Najua ni kitu gani ninachokupa na ninampa nani. Sina kingine.

Wangoi


Kambi Muru, Kibera
Jumapili, 22 Juni 2025

Mwalimu,

Barua yako ilinifikia Februari. Annet alinitafuta wiki tatu, akaja na gunia kichwani akanitukana mbele ya majirani kwa kuhama bila kusema. Nimekaa nayo mpaka leo kwa sababu sikujua nikujibu kama nani.

Asante kwa stoo. Siiji. Si kwa hasira. Nilifikiria nikiingia nitakuwa nashona chini ya ngazi huku nikisikia viatu vya watu wakipanda, na kila kiatu nitauliza kilipanda juu ya nani. Na wewe ungekuja kukaa kwenye kiti changu kila siku ili nikusamehe, na mimi ningekusamehe kila siku mpaka ningekuchukia. Wacha tubaki hivi.

Tuko chumba kimoja, mimi, Bridgit na mama mwingine na watoto wake wawili. Bridgit anafua nguo za watu huko Kilimani. Zile karatasi za shule amezifunga kwenye nailoni. Sijamuuliza anazifungia nini. Cherehani naitoa nje kukiwa na jua. Mvua ya Aprili iliingia mpaka kwenye magoti, ikabeba vitambaa vya watu nilivyokuwa bado sijashona, na sasa wateja wa huku hawaniamini.

Sifuna hunipigia simu Jumapili. Haongei ya Kimilili. Anauliza kama mtaro umeziba. Nilienda kuangalia mara moja ili nisimdanganye. Pale kwake kuna duka la simu lenye kioo. Mtaro haujaziba, na nikamwambia. Akasema, "Vizuri," halafu tukakaa tunasikilizana tukipumua mpaka salio lake likaisha.

Sasa nikwambie la jana.

Shirika jingine limekuja Kambi Muru. Jina tofauti, manila ile ile. Kijana wao alisema, "Nyinyi ndio mnaopajua mahali hapa." Nikasema safari hii sitanyamaza. Nikaomba nafasi, nikasimama, na nikawaambia yote. Lindi, Kavoi, Sifuna, na 46 pia, ingawa jina lako sikulitaja. Niliwaambia mtu asichome koleo ardhini kabla mwenye nyumba hajatia sahihi mbele ya chifu. Kijana alikuwa ananisikiliza kweli, aliandika. Akasema atapeleka ofisini lakini hawezi kuahidi, na kwamba fedha zikikosa kutumika mwaka huu zinarudi.

Watu waliniamini, Mwalimu. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimejitayarisha wakatae kunisikia, lakini walinisikia wote. Wazee walitikisa vichwa. Mwanamume mmoja alisema binamu yake alitolewa hivyo hivyo Mukuru.

Halafu akasimama mama mmoja, Mumbi, anakaa karibu na daraja. Mtoto wake wa miaka minne aliteleza kwenye mfereji ule wa maji ya vyoo wakati wa mvua, walimpata siku ya pili. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, umesema kweli. Kwa hivyo tukatae? Tukikataa, yale maji yatapita wapi?"

Watu wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Nilisimama pale, nikatafuta kitu cha kumwambia. Nilitafuta kweli. Nikawafikiria wenye nyumba wa hapa, hatuwajui hata sura. Nikafikiria chifu. Nikafikiria sisi tuliokaa kwenye zile benchi, hakuna hata mmoja mwenye karatasi ya mahali popote duniani. Nikasema, "Sijui." Nikakaa.

Wakapiga kura ya mtaro. Mumbi ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. Kijana alihesabu, akafika kwangu, akangoja, kwa sababu nilikuwa nimebaki peke yangu.

Nilinyoosha.

Tutachimba miezi sita, labda saba. Mvua ikija watakaa pakavu, mwaka mmoja au miwili, mpaka mtu mwenye viatu safi aje kutembea ukingoni. Wote wanajua. Nimewaambia mwenyewe. Tunaanza Jumamosi.

Musimbi